Tuliposema Mama Kasafiri

Mdogo wangu alianguka asubuhi ya Jumatano pale soko la samaki la Feri, mbele ya karai lake la kukaangia samaki, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafariki. Presha, walisema. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mimi nilikuwa dukani kwangu Kariakoo, nambembeleza mteja achukue doti mbili za khanga badala ya moja, simu ikaita nikaikata. Ikaita tena, nikaikata tena. Mara ya tatu nikapokea kwa ukali, "Nini jamani, kuna moto?" na upande wa pili nikasikia mwanamke analia. Alikuwa muuza samaki mwenzake.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mtaa mzima unalijua hilo. Wapagazi wakinitupia mzigo mlangoni hupita mbio kabla sijafungua mdomo. Nalisema mapema ili msomaji ajue kwamba anayesimulia haya si malaika. Lakini siku ile hasira zote ziliniisha, nikawa nazunguka dukani natafuta ufunguo ambao nilikuwa nimeushika. Mteja yule ndiye aliyenisaidia kuingiza vitenge ndani na kufunga mlango, na mpaka leo sijui alikuwa nani.

Mdogo wangu aliacha watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, wakati ule ana miaka kumi na miwili. Mdogo ni wa kike, miaka sita, ndiyo kwanza kaanza darasa la kwanza. Baba yao alishahamia Tunduma zamani na ana familia nyingine huko. Alikuja msibani, akakaa siku mbili kwenye mkeka, akaondoka. Watoto walikuwa wakiishi na mama yao katika chumba cha kupanga Buguruni. Mimi ni dada mkubwa wa mama yao, kwa hiyo kwao ni mama mkubwa, na sikujaliwa kuzaa. Hakuna aliyeniuliza kama nitawachukua, na mimi sikumuuliza mtu.

Tulimzika Alhamisi. Msiba ulikuwa kwangu, kwenye nyumba ya vyumba sita na ua mmoja tunayopanga watu wengi hapa Kariakoo. Mtoto wa kike hakuuona. Siku ile ya Jumatano kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye kichwa cha familia tangu tuje Dar kutoka Lindi, alimchukua shuleni moja kwa moja akampeleka kwake Temeke, akamwachia mkewe. Aliporudi alituita ndani mimi na yule mvulana, akafunga mlango.

"Huyu mdogo asiambiwe," alisema. "Moyo wake hautahimili. Mwambieni mama yake kasafiri. Akikua atajua mwenyewe."

Kisha akamgeukia mvulana. "Wewe ni mwanaume. Kesho utakwenda makaburini na sisi. Lakini kwa mdogo wako, mdomo wako ufunge. Umenielewa?"

"Ndiyo, mjomba," mtoto akasema.

Ningeweza kumlaumu kaka, maana wazo lilikuwa lake. Lakini mimi nilikaa pale nikaitikia kwa kichwa. Tena niliona afadhali. Nilikuwa sina nguvu ya kumwangalia yule binti usoni na kumwambia, na hapo nikapewa ruhusa ya kutomwambia. Ndivyo tunavyofanya kwetu, nilijiambia. Nani hajawahi kuambiwa mtu fulani kasafiri.

Alirudishwa kwangu Jumapili, mikeka ikiwa imeshakunjwa. Aliingia na begi lake la shule mgongoni, akapita chumbani, akaangalia nyuma ya pazia, akatoka.

"Mama yuko wapi?"

"Kasafiri. Kaenda Lindi kuangalia mikorosho ya babu."

"Mbona hakuniaga?"

"Gari liliondoka alfajiri. Ulikuwa umelala."

"Si angeniamsha."

Nikamwambia ale chakula kitapoa. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye kizingiti anakuna kidoa kwenye suruali yake ya shule. Hakuinua kichwa.

Nani aliniambia uongo ni kazi nyepesi? Kila siku yule mtoto alinijia na swali jipya, na kila swali lilihitaji uongo mpya, na mimi sina kumbukumbu nzuri. Kavaa viatu gani, mbona ndala zake hizi hapa? Kanunua vingine stendi. Mbona mtandio wake mzuri kauacha? Lindi kuna joto. Mbona hapigi simu? Simu imetumbukia kisimani. Katika mwezi mmoja nilikuwa nimeshajenga Lindi nyingine kabisa, yenye daraja lililobomoka, nyuki walioingia shambani, na babu mdogo mkorofi anayekataa kutia saini karatasi za mikorosho. Siku nyingine nilijichanganya, nikasema mama yako yuko Mtwara. Akanitazama. "Si ulisema Lindi?" Nikamwambia kapita Mtwara mara moja kusalimia.

Arobaini tuliisomea Temeke, kwa kaka, ili mtoto asione watu wamejaa. Nilimwacha na jirani mpangaji nikamwambia naenda harusini. Akaniuliza mbona sijajipamba.

Kaka yake alikuwa mtoto wa heshima mno, heshima ya kutia wasiwasi. Alifagia uani bila kutumwa, alichota maji, alimsaidia mdogo wake herufi. Mdogo akiuliza jambo lolote la mama, yeye alinyanyuka akaenda kuosha kitu. Ile nyumba haijawahi kuwa na masufuria safi namna ile. Nilijua ana uchungu, sijifanyi sikujua, lakini nilikuwa nakwenda dukani alfajiri na kurudi jioni na kujiambia kwamba wavulana huwa hivyo. Sikumuuliza hata siku moja makaburini kulikuwaje.

Kisha likaja lile jino.

Mdogo aling'oka jino la mbele, la chini. Nilifurahi kweli, maana kwa mara ya kwanza tulikuwa na jambo la kucheka. Nikamwambia twende uani alirushe juu ya paa, kama tulivyofanya sote tulipokuwa wadogo, aombe jipya. Akalifumba mkononi.

"Mama aliniahidi tutalirusha wote. Aliliona linatikisika."

"Turushe sisi, yeye tutamhadithia."

"Hapana. Akirudi."

Akalifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akakitia kwenye kopo la poda lililokwisha, akaliweka juu ya kabati. Kila akirudi shule alipanda kwenye kiti kuhakikisha lipo. Siku zikapita. Wiki mbili. Halafu Alhamisi moja akagoma. Hakupiga kelele, hakujigaragaza. Alikaa kitandani na shumizi akasema haendi kuoga wala shule mpaka aongee na mama kwenye simu, na kama simu ya mama ilitumbukia kisimani basi aombe ya mtu.

Nilimpandishia. Nilisema maneno mengi, nikanyanyua na mkono. Sikumpiga, lakini mkono ulinyanyuka na yeye aliuona. Akasema taratibu, "Hata ukinipiga." Nikatoka nikaenda kusimama karibu na ndoo za maji.

Sasa ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka uso unaniwaka moto. Nina rafiki, ana fremu ya vyombo vya plastiki, duka la tatu kutoka langu. Huyu mwanamke ana kipaji cha kuiga sauti za watu. Anaiga wateja wagumu, anaiga mgambo, ananiiga mimi nikigombana na wapagazi, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mdogo wangu alikuwa akipita kunisalimia mara kwa mara, kwa hiyo sauti yake rafiki huyu alikuwa nayo, ile ya watu wa Lindi inayovuta maneno mwishoni. Nilimpigia pale pale.

"Shoga, nataka uongee na mtoto dakika moja tu. Ujifanye mama yake."

Yeye akasema, "Hilo balaa. Mimi simo."

Nikambembeleza. Nikamlilia. Nikamwambia mtoto hali wala haogi, ilhali kula alikuwa anakula. Mwisho akasema haya, dakika moja. Na kwa kuwa binti alikuwa ameanza kusoma maneno mafupi, nilibadilisha jina la rafiki yangu kwenye simu, nikaandika Mama.

Simu iliita, nikaiweka sauti kubwa, nikampa. Akalisoma jina. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukifunguka namna ile. Nyuma ya sauti kulikuwa na kelele za Kariakoo, magari na watu wanaoita wateja, lakini yeye hakusikia hizo. Alimweleza jino, alimweleza mwalimu, alimweleza kwamba kaka siku hizi haongei. Rafiki yangu aliitikia, ehee mwanangu, hongera mwanangu, na kwa kweli ilikuwa ni sauti ya mdogo wangu kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikakaa chini. Akaulizwa anarudi lini. Akasema nikimaliza shughuli mwanangu, usimsumbue mama mkubwa. Simu ikakatika.

Mtoto akaenda kuoga anaimba. Nilipofika dukani rafiki yangu alikuwa ameshusha turubai la fremu yake nusu, amekaa ndani juu ya beseni lililopinduliwa.

"Usinitume tena kazi ya namna hii," alisema. "Nilikuwa nasikia anavyopumua."

Hakuniongelesha siku nzima, na mimi sikumlaumu.

Jioni ile kaka mtu alirudi shule akakuta mdogo wake anamsubiri mlangoni. "Nimeongea na mama. Kwenye simu. Muulize mama mkubwa." Mvulana akaniangalia. Niligeukia jiko, nikawa nakoroga mchuzi ambao ulikuwa umeshaiva. Alikula kidogo, akasema asante, akaosha vyombo, na tangu hapo alikuwa ananijibu ndiyo mama mkubwa, hapana mama mkubwa, huku anaangalia kola ya gauni langu.

Siku mbili binti alikuwa na furaha. Aliwaambia wenzake darasani, aliwaambia wapangaji wote, na wapangaji, ambao walikuwepo msibani, waliitikia vizuri mwanangu kisha wakaniangalia mimi. Siku ya tatu akaomba apige tena. Nikasema mtandao wa kule mbaya. Siku ya nne akaomba, nikasema mama yuko shambani. Siku ya tano hakuomba. Nilimkuta uani anachora chini kwa kijiti.

"Kumbe simu anayo," alisema.

"Eeh, anayo."

"Na haumwi."

"Haumwi."

"Basi hataki tu."

Nikamwambia asiseme hivyo, mama yako anakupenda sana. Alikwenda ndani, nikasikia kiti kinaburutwa. Akatoka na lile kopo la poda, akafungua karatasi, akaenda mpaka kwenye mtaro wa maji machafu unaopita nyuma ya choo, akadondosha jino lake humo. Alilidondosha polepole, si kwa kurusha. Halafu akaja akasimama mbele yangu.

"Akipiga mwambie asirudi. Mimi simtaki."

Miezi ile yote nilidhani namkinga na uchungu. Mdogo wangu, mama aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kununua samaki ili hawa watoto wale, ambaye hakuwahi kulala mbali nao hata siku moja, mimi nilikuwa nimemgeuza mwanamke aliyewatupa watoto wake akaenda kukaa Lindi na mikorosho. Na alikuwa hana mdomo wa kujitetea. Nilitaka kumwita mtoto nimwambie palepale, lakini niliogopa, nikaacha.

Kesho yake mchana yule mvulana alikuja dukani. Hajawahi kuja bila kutumwa. Alikuwa na sare za shule, amepita katikati ya watu wa Kariakoo kwa miguu, amelowa jasho. Nilikuwa na wateja wawili wanachagua vitenge. Alisimama akasubiri wateja wamalize, na mimi kwa woga nikawa nawaonyesha vitenge ambavyo hawakuviuliza. Mwisho wakaondoka.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umetoka shule?"

"Anamchukia mama," alisema. Sauti yake ilikuwa inataka kukatika lakini aliishikilia. "Jana amesema kama mama angekuwa mzuri angekuja. Mimi nimenyamaza. Mama hana kosa lolote. Mama hajafanya kitu. Na mimi sitakiwi kumtetea, kwa sababu nilimwahidi mjomba."

Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na tulikuwa tumemzikisha mama yake asubuhi na kumfanya mwongo jioni.

"Kama wewe huwezi, nitamwambia mimi," akasema. "Lakini bora useme wewe. Wewe ndiye uliyesema kasafiri."

Nikamvuta nikamweka kwenye stuli yangu, nikampa maji. Nilimwomba msamaha, na sikumbuki kama niliwahi kumwomba mtoto msamaha kabla ya siku ile. Alikunywa maji akaangalia vitenge. Nami nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelifukia. Baba yetu alipofariki nilikuwa na miaka saba. Niliambiwa kaenda Kilwa kununua chumvi. Nilijua ukweli karibu mwaka mmoja baadaye, chuoni tulikosoma Kurani, tukigombania nafasi kwenye mkeka. Msichana mmoja akanambia wewe huna baba, baba yako alikufa zamani. Sikumuuliza mtu mzima yeyote. Niliwachukia wote kimyakimya, mama, shangazi, na kaka yangu huyuhuyu aliyekuwa anajua, na hasira zangu za karibu huenda zilianzia hapo.

Nilimpigia kaka kumweleza. Akasema, "Utamuua huyo mtoto." Basi kwa kuwa nilikuwa na hasira zangu zote zimerudi, nilimpa vidonge vyake: nilimwambia anayeuawa hapa ni mama wa watoto hawa, tena mara ya pili, na mimi nimechoka kushika kisu. Akakata simu. Tuliongea tena baada ya wiki tatu, na hilo ni suala jingine.

Jumamosi asubuhi sikufungua duka. Nilitandika mkeka uani, wapangaji wakaelewa wakatupisha. Nilimkalisha mdogo mbele yangu, kaka yake pembeni yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno mengi mazuri na yote yakapotea.

"Nilikudanganya," nilisema. "Mama yako hajasafiri. Mama yako amekufa."

Nilitumia neno hilohilo, ambalo kwa watu tunalikwepa kwa adabu. Ningesema ametutoka angeniuliza katoka kwenda wapi.

Akafikiri. "Kama yule paka aliyekufa mtaroni?"

"Ndiyo. Hapumui tena. Hasikii njaa wala maumivu."

"Hatarudi?"

"Hatarudi."

"Na yule wa kwenye simu?"

"Alikuwa rafiki yangu. Nilimwomba ajifanye mama yako, kwa sababu niliogopa kukwambia. Nilikosea sana."

Akamgeukia kaka yake. "Ulikuwa unajua?" Mvulana akatikisa kichwa kukubali. Binti akarudi kuniangalia mimi, na nikajiandaa, maana nilijua sasa atanichukia mimi, na nilikuwa nimeshakubali. Lakini yeye hakuwa ananifikiria mimi hata kidogo. Aliangalia mikono yake. Akauliza kwa sauti ndogo, mpaka nikalazimika kuinama.

"Nilisema asirudi. Ndiyo maana amekufa?"

Kaka yake ndiye aliyejibu.

"Hapana. Alikufa Jumatano, zamani. Wewe ulikuwa shule, mjomba akaja kukuchukua ukaenda kula pilau Temeke. Ulikuwa hujasema kitu. Ulikuwa unampenda." Akameza mate. "Mimi nilikwenda kumzika. Mjomba alisema kila mtu atie udongo mara tatu. Mimi nilitia mara sita. Tatu zilikuwa za kwako."

Hili sikuwa nikilijua. Hakuna aliyekuwa akilijua. Wanaume wazima hamsini walisimama pale makaburini na hakuna aliyemuuliza kwa nini anaendelea.

Mdogo akamsogelea. "Zangu ulitia kwa mkono gani?"

Akanyoosha wa kulia. Mdogo akaushika, akaugeuza, akakitazama kiganja, akapitisha kidole chake katikati ya vidole vya kaka yake. Kisha akaubana mkono ule kifuani kwake, na yule mvulana, ambaye nilikuwa sijamwona akitoa chozi tangu siku ya kwanza, akalala ubavu pale mkekani akalia mpaka mwili unaruka. Mimi nilikaa nikawashika wote wawili popote mikono yangu ilipofika.

Kwetu wanawake hatuendi kuzika, na hata kuzuru wengi hawapendi. Mimi nilikuwa sijaliona kaburi la mdogo wangu. Lakini binti aliomba apelekwe, na kaka yake akasema anaikumbuka njia, kwa hiyo alasiri ileile nikajitanda, tukaenda wote watatu mpaka makaburi ya Buguruni. Nilitegemea mlinzi atatukataza, nikawa nimeshajiandaa na maneno yangu. Hakutukataza. Alituambia tuangalie miiba.

Mvulana alitutangulia. Akasimama mbele ya tuta la udongo lenye kibao cha mbao, ambalo majani yalikuwa yameanza kuota juu yake, akasema ni hapa. Mdogo akalizunguka mara moja. Alikuwa anatafuta upande wa kichwa, akamuuliza kaka yake, akaonyeshwa. Akasogea hapo, akavua viatu, akalinyoosha gauni lake.

"Shikamoo mama," akasema.

Akasubiri. Alisubiri kama anavyosubiri mtoto yeyote aliyefundishwa adabu, hawezi kuendelea na lake mpaka aitikiwe. Upepo ulikuwa mdogo, na upande wa barabarani muuza maji alikuwa anapita anagonga chupa zake. Akaniangalia mimi, akamwangalia kaka yake.

"Haitikii," alisema.

"Haitikii," kaka yake akamwambia. "Lakini wewe mwambie tu."

Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo. "Nilikukasirikia," akasema, "kwa sababu sikujua." Ndipo alipolia, kilio chake cha kwanza tangu mama yake afe. Nilikaa chini kwenye ule mchanga na gauni langu la kutokea, nikamwacha alie mpaka alipomaliza mwenyewe.